Ukitaka Kuwa Dereva wa Lori Baada ya Miaka 40

Kama umetimiza miaka 45 na unafikiria kufunga duka, kuacha ofisi au kuaga chaki ili ukaendeshe lori, hesabu miezi kabla hujalipa ada ya chuo cha udereva. Tangu siku unayotimiza 45 hadi siku utakayotimiza 60, umri wa kustaafu kwa lazima, kuna miezi 180. Na NSSF ya Tanzania hudai michango ya miezi 180 ndipo mwanachama aanze kulipwa pensheni ya uzeeni. Hesabu hizo mbili zimelingana kabisa, hakuna hata mwezi mmoja wa ziada.

Kama hujawahi kuchangia popote, kila mwezi utakaomwendeshea tajiri asiyepeleka michango yako umekwenda na haurudi. Kama ulichangia huko ulikotoka, michango ile ipo. Nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu nawe, omba taarifa ya michango yako, ujue imebaki miezi mingapi. Aliyechangia miaka 9 kiwandani amebakiza 6 tu, na anaweza kupanga maisha yake kwa utulivu zaidi kuliko yule anayeanza na sifuri.

Nimeanza na pensheni kwa sababu ndiyo inayoonyesha tofauti yako na kijana. Kijana wa miaka 24 anaweza kuendesha miaka mitatu kwa makubaliano ya mdomo, akadhulumiwa, akaanza upya na bado akawa na muda wa kutosha. Wewe huna muda huo. Basi usiingie barabarani kwa mtindo wake. Ingia taratibu, chagua mwajiri kwa ukali, na upime mwili kabla ya kulipia chochote.

Lori gani, njia gani

Ukitaja kazi ya lori, wengi hufikiria safari za Kongo tu. Kazi ni pana kuliko hapo. Kuna tipa za mchanga na kokoto, maboza ya maji, magari ya saruji, ya soda na bia, ya taka za halmashauri, na yale yanayotoa makontena bandarini kupeleka bandari kavu. Malipo yake kwa kawaida ni madogo kuliko ya safari ndefu, lakini jioni unalala kwako. Mwenye watoto wadogo, mzazi mgonjwa anayemtegemea, au sukari inayohitaji chakula na dawa kwa saa, kwa maoni yangu akae huko. Hata anayeitaka Kongo kwa dhati atafaidika akitumia mwaka wa kwanza kwenye magari ya mjini, kwa kuwa foleni ya Barabara ya Mandela na kona za maghala ya Vingunguti, jijini Dar es Salaam, zitamfundisha ukubwa wa gari lake haraka kuliko barabara nyoofu.

Njia ndefu zenyewe ni mbili kuu kwa anayeanzia Dar es Salaam. Ya kwanza inapita Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Ukivuka Nakonde unaishika Zambia: Mpika, Kapiri Mposhi, Chingola, kisha mpaka wa Kasumbalesa, na ng'ambo yake Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mzigo wa kwenda huwa salfa ya migodini, mafuta, mitambo, vyakula. Wa kurudi mara nyingi ni shaba. Ya pili inapita Dodoma, Singida na Nzega, halafu wengine hushika Rusumo kwenda Rwanda na wengine Kabanga kwenda Burundi. Wenzetu wa Mombasa wana yao ya kwenda Malaba na Busia hadi Kampala na zaidi. Mengi nitakayoeleza hapa yanawahusu na wao, ingawa ofisi na madaraja ya leseni ni tofauti; kwao mambo ya leseni yapo NTSA.

Pima kwanza, lipa baadaye

Nenda hospitali kabla hujaenda chuoni. Ukipita miaka 40, macho huanza kushindwa vitu vya karibu, nawe utahitaji kusoma vipimo vya dashibodi na karatasi za mzigo. Miwani inatatua hilo. Lenye hatari zaidi ni uono wa usiku: mwanga wa gari linalokuja mbele unakupofusha kwa muda mrefu kuliko ulivyokuwa ukikupofusha zamani. Mwambie daktari wa macho wazi kwamba unataka kuendesha lori, akupime na mtoto wa jicho na presha ya macho.

Pima presha ya damu na sukari. Kuwa na presha hakukuzuii kazi ikiwa unatumia dawa na imetulia. Kinachoua ni presha ambayo mwenyewe haijui. Mwenye sukari anayechoma insulini ajadiliane na daktari wake kwa kina, kwani sukari ikishuka ghafla akiwa kwenye usukani anaweza kupoteza fahamu bila onyo la maana.

Halafu muulize mwenzi wako kama unakoroma hadi pumzi inakatika usingizini, kisha unashtuka na kuanza tena. Wanaume wengi wa makamo wenye vitambi na shingo nene wanayo hali hiyo na hawajui. Mtu wa namna hii hulala saa nane akaamka amechoka, na mchana husinzia akiwa amekaa. Kwa dereva huo ni ugonjwa wa kushughulikiwa kabla ya kitu kingine chochote. Unatibika, na kupunguza uzito kunasaidia sana.

Mgongo nao utunze tangu siku ya kwanza. Usiruke kutoka kwenye kichwa cha lori hata kama utingo na madereva wote vijana wanaruka. Shuka ukilitazama gari, mikono kwenye vishikio, mguu mmoja baada ya mwingine. Goti la miaka 48 likitenguka yadini, kazi imesimama kwa miezi.

Leseni na chuo

Kwa Tanzania unalenga leseni ya daraja E, ndiyo ya magari makubwa ya mizigo. Leseni inatolewa na TRA baada ya trafiki kukutahini, nawe utahitaji namba ya mlipakodi na cheti cha mafunzo. Kwa mafunzo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, kina kozi ya madereva wa magari makubwa ya mizigo, na VETA wanafundisha udereva kwenye vyuo vyao. Makampuni makubwa hukitazama cheti chako kwanza, kisha hukupa gari wakuone. LATRA nao wana utaratibu wa kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Uliza mapema unakuhusu vipi.

Utakutana na mtu atakayekuahidi leseni bila kukaa darasani. Mkatalie. Leseni ya kununua haitakusaidia kitu siku tela linapokusukuma mteremkoni.

Chuoni, kuna mambo matatu ya kuyashika mpaka yaingie mwilini: breki za upepo, kuunganisha tela, na kurudi nyuma.

Breki za lori hazifanyi kazi kama za gari dogo ulilolizoea. Kompresa inajaza upepo kwenye matangi, na upepo huo ndio unaosukuma breki. Upepo ukipungua mno, springi zinajifunga zenyewe na gari linagoma kusogea. Kwa hiyo kila asubuhi washa injini, subiri vipimo vipande, sikiliza kama kuna mahali panavuja. Toa maji kwenye matangi. Maji yanayokaa humo yanaozesha vali, na baridi ya Makambako ya mwezi wa saba inaweza kukuletea adha usiyoitarajia.

Ukiunganisha tela, usiridhike na mlio wa kufunga. Shuka, chungulia kwa tochi uone ndoana imeshika, inua miguu ya tela, unga mabomba ya upepo na waya wa taa, kisha funga breki za tela na uvute mbele kidogo. Likikataa kutoka, limeshika. Dakika tano hizo zifanye hata kama fomeni anapiga kelele.

Kurudi nyuma na tela kunawaumbua wengi. Usukani ukienda kushoto, tako la tela linakwenda kulia. Mtu aliyeendesha gari dogo kwa miaka 20 anateseka hapa kuliko asiyejua kabisa, kwa sababu mikono yake ina mazoea. Omba muda wa ziada wa uwanjani, hata ukiulipia. Utingo akikuongoza, asimame mahali unapomwona kwenye kioo. Akipotea machoni, kanyaga breki, usimkisie alipo.

Mteremko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia.

Kitonga, mkoani Iringa, unaupanda ukienda na kuushuka ukirudi, na unapoushuka umebeba shaba. Kuna Inyala na Iwambi kule Mbeya, kuna Sekenke upande wa Singida. Lori lenye tani 50 likianza kushuka, breki za magurudumu peke yake hazitoshi. Ukizikanyaga mfululizo zinapata moto, zinaanza kutoa harufu, halafu zinaacha kushika, na hapo hakuna fundi wala dua ya haraka itakayozirudisha mpaka zipoe. Gari linalozuiwa vizuri linazuiwa na injini.

Kabla ya kilele, simama pale madereva wanapokagulia magari, gusa matairi, tazama upepo. Chagua gia ukiwa bado juu. Kipimo cha wakongwe ni kushuka na gia ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo huo, au ya chini yake. Washa breki ya eksozi au ritada kama gari linayo. Breki ya mguu ikanyage kwa vipindi: punguza mwendo vya kutosha, achia, acha ipoe, rudia. Ukishaanza kushuka kwa gia kubwa na ukataka kuibadilisha katikati, unaweza kukuta gia inatoka na nyingine haiingii.

Wapo wanaotoa gia wakiwa mteremkoni, gari linashuka nyutro, ili dizeli iliyookolewa ikauzwe. Usilifanye hilo hata mara moja. Wizi wenyewe ni tatizo, lakini hatari ni kwamba umeukata uhusiano kati ya injini na magurudumu, umebaki na breki za moto na mzigo usiokusubiri. Kuna wake na waume wengi waliofiwa kwa ajili ya lita chache za mafuta.

Kwenye barabara tambarare, kikomo cha lori ni kilomita 80 kwa saa, na vijijini penye kibao 50. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, umeshapita mita 33 bila kupunguza chochote. Ng'ombe, mtoto, pikipiki isiyo na taa: pima umbali wako na gari la mbele kwa hesabu hiyo. Mikumi nako kuna wanyama, na faini za kuwagonga zimebandikwa kabisa kando ya barabara.

Usingizi ni jambo la ratiba kuliko la ujasiri. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamlazimisha dereva kupumzika dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Ifanye sheria yako hata kama hakuna anayekusimamia. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi mwili wa binadamu unadai kulala, na wako unadai zaidi ya wa kijana. Lala saa hizo. Mirungi na vinywaji vya makopo vinakupa macho makavu na moyo unaokimbia, halafu usingizi unakuja kwa ghafla zaidi. Mirungi kwa Tanzania ni kosa la jinai pia.

Kukaa kiti cha utingo

Matangazo mengi ya kazi yanataka uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Utaupata wapi na umri huo? Njia ya wengi ni kukaa na dereva mzoefu kwa miezi kadhaa, kama utingo au dereva wa pili. Na dereva huyo huenda ana miaka 29.

Wengi wa umri wako huishia hapo. Yeye atakuita mzee au baba kwa heshima, kisha atakutuma ukakaze kamba za turubali, ukafunge tairi, ukapange foleni ya karatasi. Nenda. Mwite suka, mbele ya watu, umsikilize. Anajua mzani upi una foleni usiku, kona ipi ya Zambia inaliwa na mashimo masika, fundi gani wa Makambako ni mwaminifu. Maarifa hayo hayapo chuoni. Muulize sababu ya kila anachofanya, na jioni uandike.

Usiyachukue yote, hata hivyo. Ukiona anaendesha amelewa, anatoa gia mteremkoni au analaza gari mahali pa hatari, umri wako unakupa haki ya kumwambia kwa upole mkiwa wawili. Asiposikia, omba kuhamishiwa gari jingine. Kwa mtu wa makamo, mtaji wake barabarani ni kutokuwa na haraka ya kuonekana, na waajiri wazuri wanautafuta mtaji huo: mtu asiyeshindana na basi, asiyekasirika foleni, anayerudisha gari zima.

Mwajiri

Chagua mwajiri kabla ya gari. Lori jipya linalong'aa la tajiri asiye na mikataba ni balaa, na lori la miaka 12 la kampuni yenye gereji na utaratibu linaweza kukulea mpaka ustaafu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, na inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dai mkataba. Soma mshahara ni kiasi gani na posho ya safari ni kiasi gani, kwa sababu madereva wengi hulipwa mshahara mdogo na posho kubwa. Posho inalipwa gari likitembea. Gari likikaa Kasumbalesa wiki mbili au injini ikifa, unabaki na ule mshahara mdogo. Na michango ya NSSF, asilimia 20 kati yako na mwajiri, inakwenda kwa mshahara uliotajwa kwenye mkataba. Mtu wa miaka 46 anayejadiliana ujira apigane zaidi kwenye mshahara kuliko kwenye posho. Kijana anaweza kufanya kinyume.

Uliza kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake analipa mwajiri peke yake, na ukiumia kazini ndio unaokutibu na kukulipa. Uliza pia makato. Mafuta yakipungua au mzigo ukiharibika, baadhi ya matajiri humkata dereva mshahara wote. Sheria inataka kosa liwe lako, upewe nafasi ya kujieleza, ukubali makato, na yasizidi robo ya malipo yako. Ukiachishwa kazi kwa uonevu, lalamiko lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huchelewa wakiwa bado wanambembeleza tajiri.

Zungumza na madereva wanaotoka getini, usizungumze na meneja tu. Waulize matairi yanabadilishwa lini, nani analipa pancha, na dereva wa mwisho aliyepata ajali alihudumiwaje. Majibu ya hilo la mwisho yatakutosha. Kama wewe ni mwanamke, ongeza mawili: utalala wapi safarini na utapangiwa utingo gani. Mwajiri anayekosa jibu hajawahi kulifikiria.

Mzani na mipaka

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilianza kutumika Tanzania mwaka 2019. Uzito wa juu kabisa ni tani 56 kwa gari la ekseli saba. Gari la kawaida la ekseli sita ni tani 50: ekseli ya mbele 8, mbili za kichwa 18, tatu za tela 24. Wageni hukamatwa kwa kutazama jumla peke yake. Gari lenye tani 48 kwa jumla, lakini 27 zikiwa zimelalia ekseli za nyuma, linakwama Vigwaza na halifiki hata Morogoro. Kwa hiyo simamia upakiaji mwenyewe. Ukiona mzigo unarundikwa nyuma, sema kabla turubali halijafungwa, na kama yadi ina mzani, pima.

Kwa kuvuka, unahitaji pasipoti yenye muda, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya gari ya Kadi ya Njano ya COMESA. Chanjo ni mara moja tu maishani. Usichelewe kuipata: watu waliopita miaka 60 hushauriwa na daktari kwanza, kwa kuwa madhara yake huongezeka kwa umri.

Zambia wanaendesha kushoto kama sisi. Ukiingia Kongo unahamia kulia, na Rwanda na Burundi vilevile. Usukani wako ukiwa kulia, huoni kinachokuja unapotaka kulipita gari. Usipite kwa kukisia. Utingo aliye kushoto ndiye macho yako, na kama humwamini, baki nyuma. Cha kukufariji ni kwamba Kasumbalesa hadi Kolwezi Kiswahili kinasikilizwa, ingawa chao kina ladha yake. Zambia jifunze salamu za Kibemba na uwe na Kiingereza cha kujieleza mbele ya polisi.

Foleni ya mpakani huweza kula siku kadhaa. Beba jiko, unga, maji na dawa zako za kutosha, na usitembeze pesa mfukoni.

Gari likiharibika, weka alama za pembetatu mbali na gari, kisha matawi. Ukiondoka, ondoa matawi na mawe yote. Wanaobeba mafuta wana la ziada. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Gari la mafuta likianguka, kazi yako ya kwanza ukiwa mzima ni kuwafukuza watu na kuzuia moto, hata wakikutukana.

Nyumbani

Kaa na mwenzi wako kabla ya kujiandikisha chuoni. Msemezane kwa uwazi kuhusu pesa: nani anapokea nini, lini, na fedha ya dharura ipo wapi. Weka akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumbani, maana mafunzo na kutafuta kazi vinachukua muda. Mzungumze pia kuhusu uaminifu. Miji ya malori ina upweke na vishawishi, na barabara hizi zimeeneza Ukimwi kwa miaka mingi. Pimeni wote wawili, na ujue kondomu na dawa za kujikinga zinapatikana wapi. Shirika la North Star Alliance, lililoanza mwaka 2006, lina kliniki za madereva kwenye maegesho ya malori katika nchi kadhaa za Afrika. Ukiikuta iliyo njiani kwako, itumie hata kwa kupima presha tu.

Swali utakaloulizwa na ndugu ni kwa nini usinunue lori lako kwa kiinua mgongo. Usinunue. Kichwa cha magurudumu kumi na tela la ekseli tatu vina matairi 22, na barabara haichagui lipi lipasuke. Mwenye gari moja hana gari la kufidia pale injini inapokufa, na pesa ya kustaafu hairudi mara ya pili. Fanya kazi miaka mitatu, ujue gharama zote kwa macho, ndipo ulifikirie.

Utaulizwa pia kuhusu reli. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mizigo ikafuata. Kenya reli yao ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017, ikawanyang'anya madereva wengi safari za makontena, na malori bado yapo. Mzigo unaoshushwa stesheni lazima ufike ghalani, na migodi ya Kolwezi iko mbali. Hata hivyo mtu mwenye miaka 15 ya kazi mbele yake asijifunge na aina moja. Ukiweza, jifunze kuendesha magari ya mafuta au ya mizigo mirefu ya mitambo, ambayo yanahitaji mafunzo ya pekee na hayapatiwi mtu haraka.

Mwisho, nunua daftari gumu. Kila safari andika tarehe, gari, mzigo, kilomita, mafuta uliyopewa, tatizo uliloripoti na jina la uliyemripotia. Piga picha kurasa zake na umtumie mwenzi wako. Daftari hilo litakutetea siku mafuta yakisemwa yamepungua, litathibitisha uzoefu wako kwa mwajiri mwingine, na ukifika miaka 57, macho ya usiku yakikuaga, ndilo utakalolipeleka kwa meneja wa yadi ukiomba kazi ya kufundisha madereva wapya au kusimamia upakiaji.